Kila Kiumbe kwa Jina Lake

Somo la kusoma nyumbani na katika vikundi vya Biblia

Masomo: Mwanzo 2:15-20, 1 Samweli 6:1-5, 1 Wafalme 4:29-34, Mathayo 10:29-31



Mara nyingi tunaposoma habari za Adamu bustanini, twafanya haraka kufika kwenye nyoka na tunda. Kwa haraka hiyo twaruka kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu kabla hajaanguka. Kazi hiyo ilikuwa na pande mbili. Kwanza, alipaswa kuilima bustani na kuitunza. Pili, Mungu alimletea wanyama wa mwitu na ndege wa angani apate kuwapa majina. Angalieni jambo hili: Mungu hakumtajia Adamu majina. Alimletea wanyama, akamwacha atazame mwenyewe na kuamua. Basi kumjua kiumbe na kumtofautisha na mwenzake ni kazi tuliyopewa na Mungu mwenyewe, tena si kazi ya dhambi.

Kazi ile haijakwisha. Katika somo hili tutaona jinsi inavyoendelea siku hizi kwa njia mpya, yaani kusoma jenomu za mimea na wanyama. Ili tusipotee katika mambo makubwa, tumechagua kuanza na mnyama mdogo anayeishi juu ya vichwa vyetu, katika Mlima Hanang. Mnyama huyo ni panya.

1. Panya aliyepewa jina

Mwaka 2007 wataalamu wa Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walitangaza aina tano za panya ambazo zilikuwa hazijapata jina katika vitabu vya sayansi. Nne kati ya hizo ni za milima ya nchi yetu: mmoja wa Magamba huko Usambara, mmoja wa Mlima Rungwe, mmoja wa msitu wa Mbizi huko Rukwa, na mmoja wa Mlima Hanang. Wa tano alitoka milima ya Ruwenzori. Walipima mafuvu yao kwa uangalifu mkubwa, sehemu kwa sehemu, wakaona kwamba wanyama waliohesabiwa kuwa wamoja kumbe si wamoja.

Panya wa Hanang aliitwa Lophuromys makundii, kwa heshima ya Profesa Rhodes Makundi wa Chuo cha Sokoine, Mtanzania aliyetumia miaka mingi kuchunguza panya na madhara yao. Jamaa ya panya hao wana manyoya magumu kidogo kama brashi, na hula wadudu kwa wingi, sisimizi wakiwamo. Ngozi yao huchanika upesi na mkia wao hukatika kwa urahisi, na kwa njia hiyo huponyoka katika makucha ya adui.

Panya huyu hakuumbwa mwaka 2007. Alikuwapo kabla ya barabara ya Katesh, hata kabla ya babu zetu kupandisha mifugo mlimani. Kilichozaliwa mwaka ule ni ujuzi wetu juu yake. Muumba alimjua siku zote, lakini sisi majirani zake ndio tuliochelewa.

2. Kwa nini jina la panya ni jambo kubwa

Labda mwingine atauliza, "Panya ni panya. Huharibu mahindi ghalani. Ya nini kumpa jina?" Swali hilo ni la haki, nasi watu wa Mbulu tunalo jibu lake katika habari zetu wenyewe.

Mwaka uleule wa 2007 tauni ilizuka katika Wilaya ya Mbulu. Tauni ni ugonjwa wa kale sana. Tukisoma 1 Samweli sura ya 6, twaona kwamba Wafilisti walipopigwa kwa majipu walitengeneza sanamu za dhahabu za majipu na za panya pamoja. Wako wafafanuzi wengi wa Maandiko wanaodhani kwamba pigo lile lilikuwa tauni. Wafilisti hawakujua habari za vijidudu, lakini waliona kwamba majipu na panya vilifuatana. Leo twajua kwamba kijidudu cha tauni hukaa katika panya, na viroboto wa panya humpelekea mwanadamu.

Profesa Makundi na wenzake walifika Mbulu, wakatega wanyama wadogo mahali palipokuwa na ugonjwa ili wapate kujua ni aina zipi zinazoweza kuhifadhi tauni kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2008. Hapo twaona faida ya jina. Panya wa msituni si yule wa shambani, na yule wa shambani si yule anayelala darini. Kila mmoja ana chakula chake, majira yake ya kuzaa, viroboto wake na magonjwa yake. Asiyejua kuwatofautisha atamwaga sumu mahali pasipo na hatari, na nyumba yenye hatari ataiacha.

Kwa hiyo kumjua kiumbe kwa jina lake ni mlango wa kumtunza, na pia ni mlango wa kujilinda naye.

3. Jenomu ni nini?

Hata hivyo kupima fuvu kuna mwisho wake. Wako wanyama waliofanana kwa sura, lakini ukoo wao ni mbalimbali. Wako pia waliotofautiana kwa rangi na ukubwa, nao ni ndugu wa karibu. Twahitaji ushahidi ulio ndani zaidi ya sura.

Kila kiumbe, awe mti wa mkuyu, kipepeo, ng'ombe au mwanadamu, mwili wake umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho matupu. Ndani ya chembe mna uzi mwembamba uitwao DNA. Umbo la uzi huo lilifahamika mwaka 1953. Katika uzi huo yamo maagizo ya kuujenga mwili na kuuendesha, nayo yameandikwa kana kwamba kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, C, G na T. Maagizo yote ya kiumbe mmoja, tangu herufi ya kwanza hata ya mwisho, ndiyo yanayoitwa jenomu. Fungu la maagizo lenye kazi yake maalumu huitwa kinasaba.

Tufikiri juu ya Biblia yetu. Ina vitabu, sura, mistari na herufi. Jenomu nayo ina mpango wa namna hiyo, ila ni ndefu mno. Jenomu ya mwanadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Kuisoma mara ya kwanza kulichukua miaka 13, tangu 1990 hata 2003. Mwaka 2004 ilitangazwa ya panya wa kahawia, yule wa mijini na bandarini. Kijidudu cha tauni chenyewe kilikuwa kimesomwa mwaka 2001. Siku hizi kazi iliyochukua miaka yaweza kufanywa kwa siku chache, na zipo mashine za kusomea DNA ndogo kiasi cha kushikwa mkononi.

Si lazima kumchinja mnyama ili asomwe. Mara nyingi tone la damu au kipande kidogo cha ngozi ya sikio kilichohifadhiwa katika spiriti chatosha. Kwa mmea, jani moja bichi.

4. Waliokwisha kusomwa karibu nasi

Twiga, mnyama wa taifa letu, ambaye twamwona upande wa Tarangire na Manyara, alisomwa jenomu yake, na habari zikatangazwa mwaka 2016. Kazi hiyo iliongozwa na Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha pamoja na Douglas Cavener wa Marekani, na Edson Ishengoma alikuwa miongoni mwa watafiti. Walimlinganisha twiga na okapi wa misitu ya Kongo na wanyama wengine wengi. Wakaona vinasaba kama 70 vyenye alama ya kubadilika kwa namna ya pekee katika twiga, na baadhi yake vyahusu ukuaji wa mifupa na kazi ya moyo na mishipa ya damu. Fikirini: shingo ndefu haina faida bila moyo wenye nguvu za kupandisha damu mpaka kichwani. Mambo hayo mawili yameandikwa katika kitabu kimoja.

Mwaka 2023 ilitangazwa jenomu ya fiwi, ambayo wengi wetu huiita ngwara. Twaijua ngwara: huvumilia ukame wakati maharage yamekwisha kunyauka, majani yake ni malisho, na punje zake huuzwa mpaka Kenya. Kwa miaka mingi mazao makubwa ya dunia yalishughulikiwa na ngwara ikaachwa nyuma. Safari hii kazi iliongozwa kutoka Nairobi, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, na vijana wa Afrika walikuwa mstari wa mbele. Waliona kwamba watu waliifanya ngwara kuwa zao la shambani zaidi ya mara moja, mahali mbalimbali. Habari hii yaweza kumsaidia mkulima, kwa sababu anayetafuta mbegu bora sasa anajua ziko koo zipi na atafute wapi.

Tangu 2018 kuna mpango wa mataifa mengi wa kusoma jenomu za mimea, wanyama na uyoga wote wanaojulikana duniani. Mwaka 2021 wataalamu wa Afrika walianzisha mpango wao, uitwao AfricaBP, wakikusudia kusoma aina zipatazo 105,000 za viumbe wa bara letu. Sulemani, kama tusomavyo katika 1 Wafalme 4, alinena habari za miti, tangu mierezi mikubwa hata kimea kidogo kiotacho ukutani, na habari za wanyama, ndege, wadudu na samaki. Watu walitoka mbali kumsikiliza. Hekima hiyo haikuhesabiwa kuwa mchezo.

5. Mlima ni kisiwa

Sasa turudi Hanang. Mlima huu una mita zaidi ya 3,400. Ukisimama Katesh ukatazama juu, waona msitu na mawingu. Ukigeuka ukatazama chini, waona uwanda mkavu, mashamba ya ngano na maji ya Balangida. Kwa mnyama wa msitu wa baridi, uwanda huo ni kama bahari, naye hawezi kuuvuka. Kwa hiyo mlima ni kisiwa, na wakazi wake wamekaa peke yao muda mrefu.

Yuko kinyonga aliyeandikwa mara ya kwanza mwaka 1938 kutoka mlima huu, aitwaye Kinyongia uthmoelleri. Baadaye alionekana pia katika misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Sehemu za DNA za vinyonga wa jamaa yake katika milima ya Afrika Mashariki zimesomwa na kulinganishwa, ikaonekana kwamba koo nyingi zilitengana mamilioni ya miaka iliyopita. Huko Ngorongoro, mwaka 2015, kwa kusaidiwa na DNA, alitambuliwa kirukanjia wa aina mpya. Aliitwa Crocidura mdumai, kwa heshima ya Simon Mduma, mtafiti Mtanzania wa wanyamapori. Hivyo twaona kwamba jenomu ni pia kitabu cha historia. Yaeleza ni lini misitu ya milima yetu ilikuwa imeungana, na ni lini ilitengana.

Lakini anayekaa kisiwani ana hatari yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 2023 hatukuusahau, wala hatutausahau. Mvua ilinyesha, sehemu ya mlima iliyolowa maji ikameguka, na tope, mawe na miti vikateremka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tuliwazika, tukalia, na wengine bado wanaishi na pengo lile. Hatutaki kulinganisha roho ya mtu na ya panya, maana Bwana wetu mwenyewe alisema kwamba sisi tu bora kuliko shomoro wengi. Lakini katika maneno hayohayo alisema pia kwamba hakuna shomoro anayesahauliwa na Baba. Usiku ule ulituonyesha kwamba mlima ulioonekana imara waweza kubadilika kabla ya mapambazuko. Mtu aliyenusurika alikimbilia kwa ndugu Babati au Singida. Kiumbe mwenye nyumba moja tu duniani hana pa kukimbilia.

Hapa tena jenomu yatoa msaada. Wazee wetu walikataza watu wa ukoo mmoja kuoana. Wanyama wanapobaki wachache hawana la kufanya, huzaana ndugu kwa ndugu, na jambo hilo huonekana waziwazi katika herufi zao. Kwa kusoma wanyama wachache tu, mtaalamu aweza kujua kwamba kundi linadhoofika hata kama kwa macho bado laonekana salama. Ni onyo linalokuja kabla ya msiba.

Lakini tusijidanganye. Jenomu iliyohifadhiwa katika kompyuta si kinyonga. Haipandi mti, haili nzi, haizai. Picha ya marehemu twaitunza kwa upendo, lakini haijibu tukiiita. Msitu ukitoweka, kitabu kitabaki bila mwenyewe.

6. Maswali mawili ya dhamiri

La kwanza: je, kusoma jenomu ni kumwingilia Mungu katika kazi yake? Twajibu kwamba kusoma si kubadili. Anayesoma barua hakuiandika upya. Ziko kazi nyingine za kubadilisha herufi hizo, nazo zahitaji mazungumzo yake na tahadhari yake. Tusizichanganye. Kusoma alichoandika Muumba, kwa unyenyekevu, ni kuendelea na kazi ya Adamu.

La pili ni gumu zaidi: matunda ya kusoma ni ya nani? Zamani mtu aliyetaka mmea wetu alilazimika kuuchukua na kuuvusha mpaka. Sasa herufi zake zaweza kufika nchi za mbali kwa kompyuta kwa dakika chache, na dawa au mbegu ikatengenezwa huko. Mhadzabe wa Yaeda Chini ajuaye mizizi yote ya porini, mama wa Kiiraqw aliyechagua mbegu nzuri kila mavuno, na mfugaji wa Kibarbaig ajuaye majani ya kutibu ndama, hao wote wameutunza ujuzi bila mshahara. Ni haki wakumbukwe.

Mataifa yamelitambua jambo hili. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ulioanza kutumika 2014, wataka mwenye mali aombwe kibali na faida igawanywe kwa haki. Kuhusu herufi zinazosafiri kwa kompyuta, mwaka 2025 ulizinduliwa mfuko uitwao Cali, ili makampuni yanayopata faida yachangie, na walau nusu ya fedha ikusudiwe kwa wenyeji na jamii za mahali. Mfuko huo ni mchanga, na kuchangia si kwa lazima. Nabii Amosi angetuambia tuendelee kuuliza.

Hapa kwetu mtafiti hana budi kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na anayechunguza wanyamapori hupitia pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Si utovu wa adabu mzee wa kijiji kumwomba mgeni aonyeshe barua yake, na kumwambia arudi kutueleza alichokiona.

7. Yatupasa tufanye nini?

Hatuna mashine, lakini tunayo macho na tunao watoto. Kwanza, tuwafundishe watoto majina ya miti, ndege na wadudu katika lugha zetu na katika Kiswahili, kabla wazee wanaoyajua hawajalala. Pili, tuache kumwua kinyonga kwa sababu ya hofu tuliyofundishwa utotoni. Hana sumu, wala hana laana. Tatu, tusiingize moto wala shoka katika misitu ya hifadhi ya Hanang, Nou na Marang, ambayo ndiyo vyanzo vya maji yetu. Nne, tukiona panya wamekufa ovyo nyumbani au shambani, tusiwashike kwa mikono mitupu, bali tutoe habari upesi katika zahanati. Tano, kijana wetu akipenda kusoma sayansi, tusimwambie kwamba amemwacha Mungu. Tumwombee, tena tumchangie ada.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini Mungu alimwachia Adamu kuwapa wanyama majina, badala ya kumtajia?
2. Tajeni wanyama watano na miti mitano ya mahali petu katika lugha ya nyumbani. Nani katika kikundi anajua mingi zaidi? Alifundishwa na nani?
3. Je, kuna kiumbe tunachokidharau au kukiogopa bila sababu?
4. Mtafiti akija kijijini kwetu, tungependa atuahidi nini?

Sala

Ee Mwenyezi Mungu, uliyeandika uhai katika kila kiumbe kwa hekima isiyopimika, twakushukuru kwa mlima, msitu na vyote vikaavyo humo. Wafariji waliofiwa huko Katesh. Waongoze wanaochunguza kazi zako, wasome kwa unyenyekevu na kugawana kwa haki. Utupe sisi moyo wa kutunza tulichokabidhiwa, ili watoto wetu wakikute kingali hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.